Mgongo wa Mtani

Jumatatu, 26 Februari 2007

Umeme umekatika mara mbili kabla ya chai. Mara ya pili nilikuwa chumba cha giza na filamu mbili mbichi mkononi. Zikagusana, zikanatana, zimeharibika. Nimelaani kwa sauti. Kwaresima hii nilijiwekea nia ya kutolaani mtu wala kitu. Wiki ya kwanza tu, imenishinda.

Eksirei za vifua nyingi leo. Mtoto mmoja kaanguka kutoka kwenye mkorosho, mkono umevunjika. Halafu Bakari.

Bakari fundi baiskeli, jirani yangu hapa Likombe. Myao wa Tunduru, mimi Mngoni wa Songea. Basi ni watani, na hatujawahi kupeana salamu ya kistaarabu hata siku moja. Ananiita mkimbizi. Namwita mtumwa wangu. Mama yake alipofariki nilitandika kanga mlangoni nikalala, nikagoma jeneza lisipite mpaka nipewe kuku wangu. Nikapewa. Watu walikuwa wanalia, wakacheka huku wanalia. Bakari mwenyewe alinishukuru baadaye.

Leo kaja na karatasi ya Daktari Shirima. Maumivu ya mgongo, apigwe picha ya kiuno. Kaingia kashika ukuta. Nikamuuliza kama kalewa uraka asubuhi yote hii. Akajibu yeye Mwislamu, na uraka wa Mtwara nzima tumeumaliza sisi Wangoni. Nikamlaza mezani. Hakai kimya huyu. Akasema siku hizi kukojoa anasubiri kama mwalimu anavyosubiri mshahara. Akasema makalio yake yamelala, anakaa kitini hana habari kama amekaa. Nikamwambia makalio ya Kiyao tangu lini yakawa na kazi, yaache yalale. Alicheka mpaka nikamkemea atulie, picha itatikisika.

Picha nzuri. Mifupa safi, imepangana. Nikafungua mlango nikawatangazia watu wa benchi: jamani, mtumwa wangu mgongo mzima, kinachomuuma ni jembe la Kilambo! Maana ana shamba la mpunga huko bondeni, ukingoni mwa Ruvuma, na kila masika lazima akasimame majini. Benchi zima likaangua kicheko. Hata mkewe, Mwanahawa. Bakari naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Siku nzuri, ukiacha umeme.

Jumatano, 28 Februari

Daktari Shirima kaitazama picha ya Bakari. Safi. Kampa vidonge vya maumivu, kamruhusu.

Maneno yangu yamefika mtaani kabla yangu. Jioni vijana wa gereji ya baiskeli walikuwa wanamwita Bakari "Jembe Linauma". Nikapita natembea kwa maringo. Mdomo huu ungekuwa shamba ningeshakuwa tajiri.

Jumamosi, 10 Machi

Sokoni. Ming'oko mizuri, vile viazi vya porini, bado ya moto. Nimekutana na Mwanahawa ananunua dagaa.

Anasema Bakari yuko Kilambo tangu wiki iliyopita. Hakutaka kwenda. Alisema miguu mizito, kama imevalishwa viatu vya mtu mwingine. Mwanahawa akamwambia, "Hata Mngoni kakuchungulia mpaka ndani, kasema mzima, wewe nani?" Basi akaona aibu, akapanda gari la mizigo akaenda.

Nilicheka. Tulicheka wote wawili pale penye dagaa.

Njiani kurudi kitu kimenigusa moyoni. Viatu vya mtu mwingine. Nimekisukuma. Naandika hapa ili kiniondoke. Hakijaniondoka.

Alhamisi, 15 Machi

Wamemleta Bakari. Nyuma ya pikapu, juu ya magunia.

Miguu imekufa. Yote miwili. Alikuwa anapandikiza mpunga, maji ya magotini, akaanguka. Wenzake wakadhani ni vituko vyake. Wakacheka. Akawa anajiinua kwa mikono ili mdomo usizame, nao wanacheka. Mpaka mmoja akamwona macho.

Tumbo lilikuwa limevimba kama la mjamzito. Muuguzi akamwekea mpira wa mkojo. Mfuko ukajaa, ukabadilishwa, ukajaa tena. Mkojo mwekundu kama juisi ya rosela.

Nilikuwa nimesimama mlango wa wodi ya wanaume. Nilikumbuka palepale. Kama mwalimu anavyosubiri mshahara. Ee Mungu. Aliniambia. Yule mtu aliniambia akiwa amelala kwenye meza yangu, na mimi nikamjibu kuhusu makalio.

Ijumaa, 16 Machi

Picha ya pili ya mgongo, na ya kifua. Tumembeba watu wanne kumpandisha mezani. Akanitazama kutoka chini akasema, "Mtumwa wako kaja tena, mkimbizi."

Nikasogeza filamu chini ya mgongo wake. Myao kanichokoza nikakosa jibu. Haijawahi kutokea.

Mifupa safi. Kifua safi. Daktari Shirima anawaza kifua kikuu cha mgongo, anasema mwanzoni mfupa unaweza kukudanganya. Akamuuliza Mwanahawa matatizo yalianza lini. Mwanahawa akasema tangu alipoanguka, kabla ya hapo ulikuwa mgongo na miguu mizito tu. Anasema anachokijua. Bakari mambo ya chooni hawezi kumwambia mkewe. Daktari akamuuliza Bakari mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa. Mbele ya mkewe, mbele ya wauguzi wasichana, angesema nini?

Nilikuwepo. Nimeshika filamu, inanidondoshea maji kwenye viatu. Nilijua si tangu alipoanguka. Nikakaa kimya.

Kwa nini? Kwa sababu ningesema, ningeulizwa nilimjibu nini siku ile. Na benchi zima lilisikia nilichotangaza. Basi ni hilo tu. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 18 Machi

Misa. Tulipofika pale pa kujipiga kifua nilijipiga mpaka mama wa mbele yangu akageuka.

Haikusaidia. Baada ya misa wanakwaya walinizunguka niwachekeshe kama kawaida. Nikasema kichwa kinauma.

Jumatatu, 19 Machi

Nimesema. Na nimedanganya.

Nilimfuata Daktari nikamwambia Bakari ana ganzi ya makalio, na mkojo ulikuwa unamgomea. Akaniuliza, kakwambia lini? Nikasema jana, wodini. Limenitoka lenyewe, kama mate.

Akaandika. Akasema kama mambo hayo yamekuja baada ya miguu, basi yanafuata tu, hayabadilishi kitu. Yangetangulia ndiyo angewaza kwingine. Pale chini kabisa uti wa mgongo unapoishia, mishipa ya fahamu inatoka imefungamana kama mkia, na ikishikwa na uvimbe, makalio na kibofu ndivyo vya kwanza kulalamika.

Ananifundisha mimi! Nilisoma hayo chuoni kabla yeye hajamaliza shule ya msingi. Nayajua. Nilikuwa nayajua siku ile ile ya tarehe ishirini na sita, nimesimama na filamu yangu safi. Eksirei inaona mfupa. Neva haizioni. Ningeulizwa kwenye mtihani ningepata alama zote.

Kesho anaanza kumpa dawa za kifua kikuu. Ugali nimeuacha. Nimempa paka.

Jumanne, 20 Machi

Nilimngojea Daktari mlangoni kwake kabla hajafungua. Nikamwambia yote. Tarehe. Maneno yake Bakari, maneno yangu mimi, kicheko cha benchi, na kwamba jana nimemdanganya. Nilisema haraka haraka nikitazama kitasa.

Akaweka kalamu chini. Kijana mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliuliza kitu kimoja tu: kwa nini mgonjwa hakumwambia yeye, daktari?

Nikasema kwa sababu wewe si mtani wake. Kwako ni aibu, mwanaume mzima kueleza habari za choo na makalio. Kwangu aliweza kuyasema kwa sababu alijua nitacheka. Mtani ndiye unayemwambia usiyoweza kumwambia mtu. Ndiyo kazi yake. Na mimi nikachukua kicheko nikaacha ujumbe.

Daktari Mchaga, utani wa kwao anaujua. Alitikisa kichwa muda mrefu.

Akaagiza mkojo upimwe. Maabara inatazamana na mlango wangu. Nikitoa mkono nagusa dirisha lao. Mayai ya kichocho, tele. Ni yale maji ya mpunga na konokono wake. Nikaenda wodini kumuuliza Bakari. Kasema mkojo wa damu anao tangu utoto, kila kijana aliyekulia kwenye mabonde anao, babu yake alimwambia ni dalili ya kuwa mwanaume. Akaanza kucheka, akaona sura yangu, akaacha.

Hapa pana fundo. Daktari anasema mayai kwenye mkojo si ushahidi wa mgongo, nusu ya watu wa bondeni wanayo. Vidonge vya kichocho anampa leo, havina ubaya. Lakini kinachoweza kuokoa miguu ni dawa kali ya kushusha uvimbe, na kama kule ndani kuna jipu au kifua kikuu, dawa hiyo itamwua. Lazima zionekane neva zenyewe. Mtwara hatuna mashine ya kuziona. Ni Dar, MRI. Na kila siku inayopita neva zinakufa.

Kila siku inayopita. Nimezipoteza ngapi mimi peke yangu?

Alhamisi, 22 Machi

Wameondoka alfajiri na gari la hospitali, lilikuwa linampeleka mama mwingine. Mwanahawa kaenda naye. Mvua imeharibu barabara, ile sehemu ya vumbi kabla ya Rufiji sasa ni uji. Na yeye kalazwa kwenye machela na mgongo ule.

Nilimpa Mwanahawa vitumbua vya njiani. Akavipokea. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yustina, ulijua?"

Kamwe hajawahi kuniita Yustina. Nikasema ndiyo. Akaingia ndani ya gari, vitumbua ameviacha juu ya ukuta.

Jumanne, 27 Machi

Hakuna habari. Nimepiga simu mpaka vocha imekwisha. Foleni ya mashine ni ndefu, na juzi mashine ilizimwa kwa matengenezo.

Neema anafanya kazi kwenye ile mashine. Tulisoma chuo kimoja, tulilala chumba kimoja. Nikamwomba amsogeze mbele. Akasema hapo dirishani pamejaa mikono ya watu wanaoomba ndugu zao wasogezwe mbele. Akaniuliza, huyu ni ndugu yako? Nikasema mtani. Akacheka, akasema Wangoni bwana.

Nikamwambia yote. Akasema atajaribu.

Nina haki gani ya kumsogeza nyuma mgonjwa wa mwingine ili nipumue mimi? Sina. Nimeomba hivyo hivyo.

Alhamisi, 29 Machi

Neema kapiga. Mtaani wanafanya mazoezi ya dufu, Maulidi inakaribia, ikabidi niingie chooni ndiyo nimsikie.

Picha ya kwanza, bila dawa, ilitia wasiwasi tu. Mwisho wa uti umevimba kidogo. Ndipo wakamdunga ile dawa ya mshipani inayong'aa. Dawa hiyo haishiki kwenye neva nzima, inashika penye uvimbe. Wakapiga tena. Neema anasema ziliwaka. Mizizi yote ya chini, minene, inang'aa, imebandikana. Ndani ya uti wenyewe kuna vinundu vidogo vidogo. Hakuna jipu. Mifupa haijaguswa. Wakachukua na maji ya mgongo. Wataalamu watatu wamekaa, wamekubaliana: kichocho kimepanda kwenye mgongo. Mayai yameingia, mwili umeyakasirikia, neva ndizo zimeungua katika ugomvi huo.

Dawa ya uvimbe ameanza leo.

Nimemuuliza atatembea? Neema kasema wale wanaowahi hutembea. Hakumalizia, nami sikumwomba amalizie.

Jumatano, 4 Aprili

Kitubio. Padri alisikiliza mpaka mwisho. Kasema dhamira haikuwa mbaya. Kanipa sala za kusali.

Nimezisali zote. Kasema niende na amani. Nimetoka, nimekwenda. Amani sijaiona.

Ijumaa Kuu, 6 Aprili

Zamu, kwa hiari yangu. Wenzangu wamefurahi.

Alikuja mzee wa Nanyamba, mkulima wa korosho, maumivu ya mgongo. Kabla hajapanda mezani nikamuuliza kuhusu mkojo, kuhusu ganzi, kuhusu miguu. Alikasirika. Kasema amekuja kupigwa picha, hakuja kuvuliwa nguo kwa maneno na mwanamke. Nikamwomba radhi nikauliza tena. Hana kitu. Ni mgongo tu wa uzee.

Benchi limekuwa kimya siku hizi. Mama mmoja kanong'ona kwa mwenzake, yule dada wa picha siku hizi ana nini?

Jumatano, 9 Mei

Bakari karudi.

Kwenye magongo mawili. Mguu wa kulia unafanya kazi. Wa kushoto unakuja nyuma, vidole vinaburuzika chini. Mpira wa mkojo ameutoa, anajimudu, ila lazima aende kwa saa kama mtu anayesali. Daktari Shirima kafurahi, kasema kwa mgonjwa aliyechelewa haya ni mengi. Kwa aliyechelewa. Hakuwa ananilenga. Limenipata.

Alikuja na bahasha ya picha zake. Daktari akaziweka kwenye kisanduku cha taa, akaniita. Nilizitazama. Mifupa ile ile ninayoijua, safi, imepangana. Na katikati yake mizizi ya zile neva, minene, myeupe. Zilikuwepo siku ile ile kwenye meza yangu, mkono mmoja kutoka usoni pangu. Mashine yangu haikuweza kuziona. Lakini mwenyewe alikuwa anazisoma kwa mdomo wake, mstari kwa mstari.

Bakari akauliza, "Haya Mngoni, umeona utumbo wa bwana wako?"

Nikasema pole sana, Bwana Bakari. Karibu nyumbani.

Alinitazama kama mtu aliyekosea mlango.

Jumamosi, 19 Mei

Nimekwenda kwao. Nimebeba unga, mafuta, na kuku aliyekwisha kuchinjwa kihalali na jirani. Nimefagia uwanja wakati Mwanahawa yuko kisimani. Aliporudi akaninyang'anya ufagio bila neno.

Bakari alikuwa kibarazani anatengeneza gurudumu, magongo ubavuni. Kakaa juu ya mto, maana asipokaa juu ya mto anaweza kupata kidonda asijue. Akaanza. Kasema Wangoni wameishiwa vita sasa wanafagia. Nikajibu ndiyo, Bwana Bakari. Kasema nimekonda, au uraka umeadimika? Nikasema namshukuru Mungu.

Akainamia gurudumu lake.

Jumamosi, 9 Juni

Leo kanifukuza.

Nilikuwa nimempelekea uji wa lishe. Namwambia Bwana Bakari unywe ungali wa moto. Akasukuma kikombe kikamwagika chote. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Kasema:

"Bwana Bakari, Bwana Bakari! Nimekufa mimi? Mbona hata maiti anataniwa! Mama yangu ulimlalia mlangoni, mimi unaniletea uji. Miguu imenitoka, haya, Mungu kapenda. Shamba nimekodisha. Na utani nao unanichukulia?"

Nikamwambia nilijua, Bakari. Siku ile mezani ulinieleza nikacheka. Ningemwambia Daktari siku ile ile, ungetembea.

Kasema anajua. Mwanahawa alimwambia njiani, kabla hata ya Rufiji. Kasema alikuwa na siku nyingi za kulala chali huko Dar na kulifikiri jambo hilo, na mara nyingine alinichukia vizuri tu. Halafu akawaza, angeyasema bila kuchekesha? Asingeweza. Alinirushia kama mzaha, nikadaka kama mzaha. "Ila ulitakiwa ukifika nyumbani uufungue, uone kuna nini ndani." Hilo hakunisamehe. Alilisema wazi.

Akasema sasa nenda. Ukija tena na sura hiyo ya matanga, usije.

Nimetembea mpaka nyumbani nalia njiani mchana kweupe. Watu wamesalimia sikuitikia.

Jumatano, 13 Juni

Nilikuwa nadhani heshima ndiyo adhabu yangu, najilipisha. Kumbe nilikuwa namlipisha yeye. Huruma yangu inamwambia kila siku kwamba si mtu tena.

Lakini nikifungua mdomo kumtania nalisikia lile benchi linacheka. Mdomo unakauka. Mimi, Yustina, mdomo unakauka!

Jumamosi, 30 Juni

Hakuna mvua tena. Korosho zinaanza kupigiwa dawa, Likombe nzima inanuka salfa.

Nimekwenda kwa Bakari asubuhi, mikono mitupu. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ndani anavaa viatu, nikasikia magongo. Sikubisha hodi. Nikatandika kanga kwenye kizingiti nikalala kifudifudi, kama siku ile ya mama yake. Nikasema kwa sauti, mtumwa wangu hatoki humu mpaka nipewe kuku wangu. Utani mbovu kuliko wote niliowahi kufanya.

Magongo yakaja mpaka kichwani kwangu. Yakasimama.

Akasema Wangoni wameanza kulala njiani mapema mwaka huu. Akasema kuku hana, apite wapi? Nikamwambia ruka. Lilinitoka kabla sijalipima. Ruka. Kumwambia mtu yule.

Akacheka. Alicheka papo hapo, hakuchelewa. Akaweka gongo moja upande wa nje, akaweka la pili. Mguu wa kulia ukapita juu yangu. Wa kushoto haukunyanyuka. Ulikuja mgongoni kwangu, ukaburuzika, kiatu kikakwama kwenye gauni. Hakujua kama umekwama. Nilijua mimi. Nilijiinua kidogo ukatoka, akamaliza kupita.

Mwanahawa alikuwa uwanjani na beseni la vyombo. Alituona. Hakucheka. Akaenda bandani, akarudi na jogoo mwembamba, akamwangusha karibu na kichwa changu, akaendelea kuosha vyombo.

Nimerudi naye. Nimemfunga mguu kwenye meza ya jikoni. Anakula punje za mahindi. Gauni lina alama ya vumbi mgongoni, sijalifua.